Kisu cha Steki na Sumaku ya Mnadani

Ingia bucha yoyote ya Karatu mjini uombe steki: utapimiwa nyama isiyo na mfupa, basi. Nyingi huishia kwenye mchuzi. Steki ile nyingine, pande zima linalofika mezani likiwa jekundu kidogo ndani, ni mambo ya hoteli za watalii wanaopanda Ngorongoro. Lakini mji huu umejaa wapishi na wahudumu wa hoteli hizo, na siku za mapumziko nao wanapika kwao. Ndivyo visu vya steki vilivyoingia mitaani kwetu, vikiwa sita sita ndani ya boksi.

Nyama na kisu si wageni hapa. Kwenye olpul, kambi ya Wamaasai ya kula nyama porini, sime hufanya kazi zote. Bondeni Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, mafundi wa Kidatoga hufua visu na vichwa vya mishale kwa misumari na vyuma chakavu, na Wahadzabe huvipata kwa kubadilishana na asali. Visu hivyo ukivisahau nje usiku mmoja wa masika, asubuhi vina kutu. Kila mwenye navyo analijua hilo, kwa hiyo huvifuta na kuvipaka mafuta. Cha stenlesi tunakitupa kwenye beseni tukaenda kulala.

Mwaka 1913, huko Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Akapata chenye kromu karibu asilimia 13, ambacho kilikataa kushika kutu, yaani stenlesi, na watengeneza visu wa mji ule wakakichukua. Siri yake ni utando. Kromu ikikutana na hewa hujifunika ngozi nyembamba isiyoonekana, na ukiikwaruza hujirudishia yenyewe. Chumvi ndiyo huitoboa. Dawa za klorini za kung'arishia nguo nazo ni vivyo hivyo. Niliwahi kuacha visu sita usiku kucha ndani ya maji ya chumvi niliyolowekea nyama. Asubuhi vilikuwa na madoa ya kahawia, kama ya chai. Nilisugua, madoa yakatoka, yakaacha vitundu kama vya sindano. Vitundu havisuguliki.

Kununua nako kuna mtego. Siku ya mnada muuzaji atakutolea sumaku ya spika bovu, aigusishe kwenye kijiko, iteleze, naye atangaze kuwa hiyo ndiyo stenlesi orijino. Kwa kijiko anasema kweli. Chuma chenye alama ya 18/10, yaani kromu 18 na nikeli 10 katika kila mia, sumaku huteleza juu yake, nacho huvumilia chumvi vizuri zaidi. Ila ni laini. Kisu kinataka chuma kinachokubali kuchomwa moto mkali na kupoozwa ghafla hadi kikawa kigumu, na chuma cha aina hiyo hunasa sumaku. Kwa hiyo azima sumaku ya huyo huyo muuzaji, uigusishe kwenye bapa, si kwenye mpini. Ikiteleza, mrudishie kisu chake. Akikucheka, mwache acheke.

Kisha tazama mpini. Chuma kiingie hadi mwisho wake, riveti zisiwe zimeinuka, na pasiwe na mwanya wa kuingiza hata ukucha, maana hapo ndipo mafuta na maji hujificha.

Meno au bila meno? Cha meno hudumu kwenye sahani, kwa sababu ncha ndizo zinazogusa kauri na mabonde yake hubaki makali. Lakini ng'ombe wetu hawa wa nundu, waliotembea maisha yao yote wakitafuta malisho, nyama yao ina nyuzi, na meno huichana badala ya kuikata. Tena yakiisha makali, kuyanoa nyumbani ni kazi. Mimi nimechagua bila meno. Kikiwa butu nageuza kikombe cha udongo, napitisha kisu kwa pembe ndogo kwenye ile duara ya kitako isiyong'aa, mara chache upande huu na upande ule. Zaidi ya yote, naandalia nyama juu ya ubao. Vibanda vya nyama choma vilikuwa sahihi siku zote: kauri inaua makali kuliko nyama yoyote.

Baada ya kula, osha papo hapo kwa sifongo laini, si kwa stili wulu, na ukaushe kwa kitambaa kabla maji hayajajikaushia yenyewe na kuacha alama nyeupe.

Rafiki yangu mmoja, mpishi wa hoteli, vyake havilali droo moja na vijiko. Ameviviringisha kwenye kipande cha kitenge, kila kimoja na mkunjo wake. Mtoto akija kutafuta kisu cha kumenyea vitunguu, anaelekezwa kwenye kile cha mpini wa plastiki.