Wema Unaolipiwa Kila Muhula

Wengi wetu tukiulizwa wema ni nini, hutaja tendo moja kubwa: mtu aliyejitosa mtoni kumwokoa mtoto wa mwenzake, au tajiri aliyewachimbia wanakijiji kisima. Matendo hayo yanastahili sifa, lakini huisha siku ileile. Ugumu wa kuwa mwema tutauona vizuri zaidi kwa mtu anayelazimika kuchagua jambo lilelile mwaka hadi mwaka, huku ubinafsi ukimjia kila mara na sababu mpya, tena sababu zenye mashiko. Watu wa namna hiyo wapo Kitengela.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba zipatazo 117, na upande wake wa kusini uliachwa bila ua. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia huvuka Mto Mbagathi na kuingia uwanda wa Kitengela, Kajiado, kwenye ardhi ya wafugaji Wamaasai. Ardhi hiyo ilikuwa ranchi ya pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaanza kugawanywa, kila familia ikachukua hatimiliki yake. Vikaja viwanda vya Athi River, wakaja wafanyakazi wa kupangishiwa nyumba, wakaja madalali. Ekari moja hutoa ploti saba au nane za futi hamsini kwa mia, na mnunuzi hatafutwi.

Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka. Masharti yalikuwa machache: usizungushe ua, usichimbe mawe, usikate ploti, wanyama waache wapite. Malipo yaligawanywa mara tatu, yafike wakati wa karo.

Tupige hesabu. Mwenye ekari 100 alipata dola 400 kwa mwaka mzima. Gharama yake ilikuwa nini? Nyumbu wanapozaa, ndama wao hubeba virusi visivyowadhuru wao wenyewe lakini vinavyoua ng'ombe, na kwa ugonjwa huo hakuna tiba. Basi mfugaji huhamisha ng'ombe wake mbali na majani mabichi, yale bora kuliko yote, akamwachia mnyama asiye wake. Usiku huja simba. Mwezi Juni 2012, baada ya mbuzi kuuawa, wanakijiji wa Kitengela waliwaua simba sita kwa mara moja. Sioni ajabu katika hasira ile. Mbuzi wa mtu ni karo yake.

Hapa msomaji anaweza kuuliza: anayelipwa ana wema gani? Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant angeuliza vivyo hivyo. Alisema muuza duka asiyempunja mteja kwa kuogopa kupoteza biashara hajafanya tendo lenye thamani ya kimaadili, hata kama bei yake ni ya haki. Namheshimu Kant, lakini kwa Kitengela swali lake limepita pembeni. Dola 4 hazikushindana na bei ya ploti hata kidogo. Kazi ya malipo hayo ilikuwa kumpa nafasi mtu ambaye tayari alitaka kuacha njia wazi, asiangushwe na barua ya mwalimu mkuu ya kudai karo mwezi Januari. Kumsaidia mtu atimize nia yake njema hakuifuti nia hiyo.

Karne nyingi kabla ya Kant, mwanazuoni wa Kiislamu Imamu Ghazali alieleza kwamba tabia njema huanza kwa kujilazimisha. Anayetaka kuwa mwandishi mwenye hati nzuri huiga mkono wa fundi, kwa shida na kwa makosa, hadi hati ile iwe yake. Mfano bora niujuao ni wa Richard Turere, kijana aliyekulia kando ya Mbuga ya Nairobi akichunga ng'ombe wa baba yake. Mwaka 2013 alisimulia hadharani kwamba aliwachukia simba. Alijaribu moto, ukawasaidia simba kuona ndani ya zizi. Akaweka sanamu ya mtu, simba wakaizoea upesi. Usiku mmoja akazunguka zizi na tochi, na simba hawakuja: walikuwa wanaogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, kifaa cha indiketa za pikipiki, na balbu za tochi, akaunda taa zinazowaka kwa zamu. Chuki ilikuwa na haki ya kuwepo. Aliishinda kwa nyaya na betri, kwa kurudia tena na tena.

Limebaki jambo ambalo juhudi ya mtu mmoja hailimalizi. Katika miaka ya 1970 nyumbu wa uwanda huu walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Baadaye wakabaki elfu chache. Ua wa jirani mmoja huweza kuifunga njia ambayo wengine kumi wameiacha wazi. Mwenye ekari 100 aliyekwisha kuishinda tamaa yake mwenyewe anapaswa sasa kuvaa shuka, kuvuka kijito, na kuketi na jirani huyo kabla fundi hajaanza kuchimbia nguzo. Na atakachoulizwa kwanza ni habari ya karo.