Umuganura: Mavuno ya nyumbani yanapoliwa Kampala

IJUMAA ya kwanza ya Agosti ni siku ya mapumziko nchini Rwanda. Ofisi hufungwa na familia hukusanyika kuonja mazao mapya. Sikukuu hiyo huitwa Umuganura. Hapa Kampala Ijumaa hiyo ni siku ya kazi kama nyingine, hivyo sisi Wanyarwanda tunaoishi huku huisogeza hadi Jumapili, kila mtu anapokuwa na nafasi.

Pengine msomaji utajiuliza, Umuganura ni kitu gani hasa? Ni sherehe ya mavuno ya kwanza. Enzi za ufalme, mfalme ndiye aliyetangulia kuonja mtama na wimbi vya msimu mpya, kwa taratibu zilizotunzwa na wazee maalumu wa ikulu. Mwaka 1925 wakoloni wa Kibelgiji waliipiga marufuku na kumhamishia Burundi Gashamura, mkuu wa wazee hao. Ikulu ilinyamaza, lakini majumbani mila haikufa. Mtoto aliyejitegemea aliendelea kuwapelekea wazazi wake mazao ya kwanza ya shamba lake, na aliyevuna alimkumbuka jirani ambaye shamba lake halikumpa kitu. Mwaka 2011 serikali ya Rwanda iliirudisha kuwa sikukuu ya taifa.

Mimi nilizaliwa Uganda. Wazazi wangu walikuwa wakimbizi, waliobebwa mgongoni wakati wa machafuko yaliyoanza Rwanda mwaka 1959. Shule ya msingi nilisoma hapa Kampala, nikiimba wimbo wa taifa wa watu wengine na kuzungumza Kiganda kama mzawa. Shamba hatukuwa nalo. Hata hivyo, kila mwaka ulipofika wakati wake, Mama alinunua unga wa wimbi katika soko la Owino, akasonga, akatugawia tonge moja moja kwa mkono wake na maziwa juu yake. Hakuita sherehe. Alisema tu, "Kwetu sasa hivi watu wanaonja."

Mwaka 1994 tulirudi Rwanda nikiwa na miaka 15. Huko ndiko nilikosomea ualimu. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilipoanza Julai 2010, walimu wengi tulianza kutazama nje ya mipaka, nami nikajikuta tena Kampala, safari hii na pasipoti mfukoni badala ya karatasi ya mkimbizi.

Karamu yetu hufanyika uani kwa mmoja wetu mtaa wa Nakulabye. Kila mtu huleta alichonacho. Wimbi hautusumbui, kwa kuwa watu wa magharibi mwa Uganda huula kila siku kwa jina la kalo. Kinywaji cha mtama, bushera, hutoka kwa akina mama wa Kabale. Watoto hupewa maziwa kwanza. Kisha kila mtu mzima husimama na kueleza alichovuna mwaka huo, maana siku hizi mavuno si mtama peke yake. Fundi wa magari hutaja karakana aliyofungua, muuguzi hutaja watoto aliowapokea duniani, nami hutaja wanafunzi wangu waliofaulu.

Mwaka mmoja binti yangu aliuliza, "Baba, mbona majirani wanakula kalo kila siku bila hotuba?" Watu walicheka. Lakini swali lake lilikuwa zito. Yeye anaota kwa Kiganda, na nyumbani kwao anakujua kwa kusimuliwa, kama nilivyokuwa mimi.

Jibu tulilipata kwa njia ngumu. Februari 2019 mpaka wa Gatuna ulifungwa, na Wanyarwanda wakazuiwa kuvuka kuingia Uganda. Ambaye angekwenda nyumbani hakuwa na hakika ya kurudi kazini. Mama yangu anaishi Gicumbi, wilaya ambayo Gatuna imo ndani yake. Agosti ilipofika nilimpigia simu kumwambia kwamba mwaka huo sitaweza kumletea chochote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hapo ulipo hakosekani mzee. Mpelekee yeye."

Na kweli alikuwepo. Karibu na Nakulabye anaishi mzee ambaye wenzake waliporudi mwaka 1994 yeye alibaki. Hana mtoto. Tulimpelekea wimbi na maziwa, watoto wetu wakiwa wamebeba vyungu. Mzee alinawa, akaonja, akawawekea watoto mikono kichwani mmoja mmoja. Alisema kwamba mara ya mwisho kuganuzwa, yaani kuletewa mazao ya kwanza, ilikuwa kwa baba yake mwenyewe, naye alikuwa ndiye mpelekaji. Binti yangu hakuuliza tena kuhusu hotuba.

Mpaka ulianza kufunguliwa Januari 31, 2022. Agosti ya mwaka huo nilipanda basi na mfuko wa unga hadi Gicumbi. Mama aliupokea, akaupima kwa mkono, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Na yule mzee, umemwachia wake?" Nilikuwa nimemwachia.

Wako wanaosema mila hizi zinapoteza maana zikifanywa ugenini, bila shamba wala ng'ombe. Mimi naona kinyume. Shambani mtu anaweza kudhani sherehe ni ya mtama. Mjini, ambako mtama unanunuliwa kwa kilo, inaonekana wazi kwamba sherehe ni ya yule anayepelekewa. Ndiyo maana iliwapita wakoloni, ikapita ukimbizi na ikapita mpaka uliofungwa. Kwa Mnyarwanda anayelea watoto Kampala, Nairobi au Brussels, unga si tatizo. Kazi iliyopo ni kuwaonyesha watoto mlango wa kuupeleka.