Istilahi ya "Kiendeshi" na Chipu ya Uangalizi wa Kompyuta

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani, katika komuni ya Makiso, huweza kukutana na programu moja kwa majina matatu. Darasani, ambako Kifaransa ndiyo lugha ya kufundishia, programu hiyo huitwa pilote. Akiifasiri kwa Kiswahili cha mjini huenda akasema shofere, neno litumikalo mashariki ya Kongo kwa mwendesha gari. Akifungua maandishi ya Tanzania au Kenya atakuta kiendeshi. Majina yote matatu yana taswira ya mtu aliyeshika usukani. Taswira hiyo yafaa kwa printa, ambayo hupewa amri. Kwa chipu ya uangalizi inapotosha.

Chipu hiyo hukaa kwenye bodi kuu ya kompyuta na kupima joto, kasi ya feni na volteji. Mfano maarufu ni LM78 ya kampuni ya Marekani ya National Semiconductor, iliyotumika katika kompyuta za miaka ya 1990. Chipu haisemi "volti 12". Huweka katika rejista yake namba tupu, kati ya 0 na 255, na kila hatua moja ni milivolti 16. Hivyo haiwezi kupita volti 4.08. Ili volti 12 zipimike, mtengenezaji wa bodi huzigawa kwanza kwa resista, tuseme kwa nne. Zinazoifikia chipu ni volti 3, nayo huandika 188 hivi. Kiendeshi cha Linux huisoma namba hiyo, huizidisha kwa 16 na kutoa milivolti 3008. Huishia hapo, kwani hakijui resista zilizomo kwenye bodi. Kuzidisha kwa nne ni kazi ya faili ya mipangilio, ambayo mtumiaji mwenyewe aweza kuisahihisha.

Kosa hapa si dogo. Umeme wa Kisangani hutoka hasa katika kituo cha mto Tshopo, kilichojengwa katika miaka ya 1950, na ukikatika huwashwa jenereta. Fundi anayechunguza volteji akiona 3.01 badala ya 12.03 atatilia shaka kifaa kizima. Lililo baya zaidi ni kosa la kimyakimya: faili ikizidisha kwa tano, volti zilizoshuka hadi 10 zitaonekana 12.5, naye ataridhika.

Kazi hii, basi, ni ya mkalimani aitamkaye namba bila kuujua muktadha wake. Mtu aweza kupendekeza kisomaji, na pendekezo hilo lina mantiki. Hata hivyo, chipu nyingi za baadaye huruhusu programu kuandika katika rejista na kubadili kasi ya feni. Hapo usukani unarudi. Isitoshe, kiendeshi limekwisha kuenea, na kulifuta ni kazi bure. Yatosha fasili yake itaje kusoma na kufasiri, si kuamuru peke yake.