Nukta Zinasema Nini Juu ya Migomba Yako?

Ndugu mkulima wa Bukoba na Muleba, katika kibanja chako mgomba mmoja huzaa mkungu mkubwa, na jirani yake mkungu mdogo. Kwa nini? Mmoja atasema ni samadi. Mwingine atasema ni bahati. Tusibishane. Tuchore.

Chukua daftari. Chora mstari uliolala. Upande wa kushoto chora mwingine uliosimama. Vikutane pembeni. Mstari uliolala ni madebe ya samadi uliyoweka kila shina: 0, 1, 2, 3, 4. Mstari uliosimama ni kilo za mkungu: 0, 10, 20, 30. Nafasi kati ya namba na namba ziwe sawa. Zisipokuwa sawa, mchoro utakudanganya.

Tuseme shina lilipata madebe 2, na mkungu wake ulikuwa kilo 20. Weka kidole penye 2. Panda juu mpaka usawa wa 20. Tia nukta. Shina moja, nukta moja. Fanya hivyo kwa mashina 10 au zaidi. Huna karatasi? Chora ardhini, punje za buni ziwe nukta.

Sasa tazama. Nukta zikipanda kuelekea kulia, palipo na samadi nyingi pana mikungu mikubwa. Zikitawanyika ovyo kama mtama uliomwagika, tafuta sababu nyingine.

Nukta moja ikikaa peke yake, samadi nyingi lakini mkungu mdogo, usiifute! Mimi huipenda hiyo kuliko zote. Nenda kwenye shina hilo. Fukua kidogo, uone kama fukusi wametoboa tunguu. Kama majani yananyauka na ndizi zinaiva kabla ya wakati, huenda ni mnyauko. Kisu ulichotumia hapo kipitishe motoni, kisha umwite bwana shamba.

Mama mmoja wa Muleba alinionyesha mchoro wake. Nukta zilipanda vizuri. Hana ng'ombe, na alikuwa tayari kuuza mbuzi anunue samadi zaidi. Nikamwuliza, "Mama, mashina yenye samadi nyingi yako wapi?" Akajibu, "Karibu na nyumba." Lakini huko ndiko anakotupa pia majivu na maganda. Je, ni samadi au ni maganda? Nukta haziwezi kujibu hilo.

Basi mbuzi hakuuzwa. Alinunua madebe machache tu, akayapeleka kwenye mashina 5 ya mbali na nyumba. Mengine 5 ya huko huko hakuyapa kitu. Mikungu ikikomaa nitakwenda na mizani.