Kona za Kisii Zataka Abiria Anayejua

Mtu wa pwani afikapo Kisii mara ya kwanza hushangazwa na mambo mawili: baridi ya asubuhi, na barabara isiyokubali kunyooka. Mji huo uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari tuliyoizoea. Ukishika njia ya Keroka, au ile ya Nyamira hadi Chepilat, lami inazunguka vilima kama kilemba, migomba huku, chai kule. Humo bodaboda ndiye mfalme, na konani ndiko watu wanakovunjika miguu.

Kazi ya kona hufanywa kabla ya kona. Dereva hodari hupunguza mwendo barabara ikiwa bado imenyooka, akatia gia inayofaa, kisha akaingia breki ameziachia, akivuta mafuta taratibu. Anayekumbuka breki pikipiki imekwisha kulala anaitwika tairi kazi mbili kwa wakati mmoja, kushika kona na kusimamisha chombo. Na tairi ya mbele ikiteleza, dereva yuko chini. Hesabu yenyewe haina huruma: ukiongeza mwendo mara mbili, kona ile ile hudai mshiko mara nne.

Jicho nalo ni usukani. Anayelikodolea shimo huliingia. Atazame pale anapotaka kutokea. Kona ya kushoto iliyofichwa na migomba asiikate mapema, maana mwisho wake itamtupa nje, usoni mwa lori lijalo. Na mvua ya huko hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Magari yatokayo njia za udongo huacha tope jekundu juu ya lami, laini kama sabuni.

Madereva hawa wanayajua mengi ya hayo. Lakini wengi pikipiki si zao, na jioni mwenye chombo hudai hesabu ya siku. Hiyo ndiyo mbio unayoiona.

Je, abiria? Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu, na huyo mmoja yatosha kuharibu kona. Sisi tuliokulia mashuani tuna ada yetu: upepo ukikiinamisha chombo, twakimbilia upande ulioinuka. Ada hiyo iacheni gatini! Pikipiki hulala kwa makusudi. Ukijivuta upande wa pili, unamlazimisha dereva ailaze zaidi apate kona ile ile, na mshiko uliobaki ni haba. Tazama mbele juu ya bega lake la upande wa ndani ya kona. Mwili utafuata wenyewe. Shika kiuno chake au chuma cha nyuma, usimkabe shingo.

Na ukiona anakwenda kasi, mwambie barabara ikiwa imenyooka. Kumgonga bega amelala konani ni kumwita ageuke nyuma.