Je, Wajua? Muuaji anajulikana, na bado hatubanduki kwenye runinga

Tanzania Bara ilipata runinga mwaka 1994, ilhali wenzetu Wakenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, walikuwa nayo tangu 1962. Ndiyo maana tamthilia nyingi za kipolisi zilitufikia zikiwa tayari zimezeeka. Na bado zinanoga!

Chukua Columbo ya Marekani, iliyoshika kasi mwaka 1971. Muuaji unamwona dakika za mwanzo kabisa. Kinachokukalisha ni yule mpelelezi mwenye koti lililochakaa: anaaga, anafika mlangoni, anageuka na kuuliza swali moja la mwisho. Hapo mtuhumiwa huanza kujikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Derrick ya Ujerumani (1974–1998) ilikuwa na vipindi 281, na vyote viliandikwa na mtu mmoja, Herbert Reinecker. Risasi chache, maswali tele. Kwangu mimi, siri ya kudumu kwake ni hiyo.

Vioja Mahakamani ya Kenya nayo hutegemea maswali, kwa Kiswahili na kwa vichekesho: mshtakiwa hunaswa kizimbani na maneno yake mwenyewe.

Kwa mtu wa Nyamisangura, mjini Tarime, ladha hiyo si ngeni. Wakurya wa huko wana ritongo, mkutano wa hadhara ambako kesi kama za wizi wa ng'ombe husikilizwa, na anayeshukiwa hujibu huku majirani wakimtazama usoni. Aliyezoea mikutano hiyo huweza kuunusa uongo kabla mpelelezi hajarudi mlangoni.