Kompaila Haijui Ulichokusudia

Swali ni lile lile. Huletwa na wanafunzi wa Mazimbu, wa Mzumbe, na vijana wa Kihonda wanaojifunza kuandika programu kwenye simu: "Mwalimu, kama kompyuta imeshajua kwamba mabano hayajafungwa, kwa nini isiyafunge yenyewe tukaendelea na kazi?" Wanaouliza huwa wamechoka, na huamini wamegundua uzembe wa watu waliotengeneza lugha za programu. Nimelijibu kwa mdomo vya kutosha. Leo nalijibu kwa maandishi, na atakayelileta tena nitampa ukurasa huu.

Kompyuta haijui. Ujumbe wa kosa huandikwa kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, nasi tunaidhania mashine kuwa na ujuzi ambao haina.

Chukua hesabu ya mfanyabiashara aliyeshusha kabichi 40 kutoka Mgeta hadi Soko la Kingalu. Kila kabichi ameinunua kwa shilingi 600, na usafiri ni shilingi 100 kwa kila moja. Nitaiandika hesabu hiyo kwa Nuru, lugha ya programu yenye maneno ya Kiswahili ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kwenye GitHub, ili asiwepo wa kukisingizia Kiingereza:

fanya bei = 600
fanya usafiri = 100
fanya idadi = 40
fanya jumla = (bei + usafiri * idadi
andika(jumla)

Katika mstari wa nne kuna bano lililofunguliwa na halikufungwa. Sasa fuatana na kichanganuzi, ile sehemu inayosoma msimbo neno baada ya neno na kupanga muundo wake. Pale ambapo mwisho wa mstari si mwisho wa sentensi, kichanganuzi kinaupita mstari wa nne bila shida yoyote. Baada ya neno idadi bado linaweza kuja bano la kufunga, au alama ya kujumlisha, au ya kuzidisha. Kinakwama kwenye neno andika la mstari wa tano, kwa sababu hapo ndipo mahali pa kwanza ambapo hakuna programu halali inayoweza kuendelea. Kwa hiyo kinaulalamikia mstari wa tano, ambao hauna kosa lolote. Mwanafunzi anaukodolea macho mstari huo nusu saa, kisha anasema kompyuta ni mbovu.

Tuseme tumeipa mashine ruhusa ya kufunga bano. Ilifunge wapi? Ikilifunga baada ya usafiri, tunajumlisha 600 na 100, tunazidisha kwa 40, tunapata shilingi 28,000. Ikilifunga baada ya idadi, kuzidisha kunatangulia: 100 mara 40, ongeza 600, tunapata shilingi 4,600. Programu zote mbili ni halali kisarufi, na kichanganuzi hakina kipimo cha kuipendelea moja. Kitafunga pale kilipokwama, yaani mwishoni, kwa kuwa ndipo kilipogundua upungufu. Mfanyabiashara ataambiwa mzigo wa shilingi 28,000 umemgharimu 4,600, na hatauona ujumbe wowote wa kumtahadharisha. Atapanga bei ya kuuzia kwa hesabu hiyo. Hayo ndiyo mnayoyaomba mnapoomba kompaila, yaani programu inayosoma msimbo na kuutafsiri kwa mashine, "ijirekebishe".

Wazo hili si geni, na waliolijaribu hawakuwa wajinga. Katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, Richard Conway na Thomas Wilcox walitengeneza kompaila iliyoitwa PL/C na kuieleza katika makala ya mwaka 1973. Ilikuwa na msimamo mkali: programu ya mwanafunzi, hata ikiwa imevurugika namna gani, irekebishwe na kuendeshwa. Walikuwa na sababu nzito. Enzi hizo programu ilitobolewa kwenye kadi, kadi zikakabidhiwa dirishani, na majibu yakasubiriwa kwa saa nyingi. Alama moja iliyokosekana iliweza kula siku nzima ya mwanafunzi, hivyo kubahatisha marekebisho na kuchapa kila kilichobadilishwa kulikuwa na faida. Angalau mwanafunzi aliyaona makosa yake mengine katika safari ile ile. Sababu hiyo ilikufa kompyuta zilipofika mezani. Turbo Pascal ilipotoka mwaka 1983 ilifanya kinyume kabisa: ilisimama kwenye kosa la kwanza, ikakurudisha kwenye kihariri, ikaweka kishale pale ilipokwama. Unarekebisha, unabonyeza tena, majibu yanakuja papo hapo. Sioni kwa nini mtu mwenye kompyuta inayojibu kwa sekunde moja aombe dawa ya ugonjwa wa kadi za kutoboa.

Wapo wanaonitajia JavaScript: "Mbona yenyewe inaweka nukta-mkato?" Ndiyo, inaweka, na tazama inavyowagharimu watu. Mwandishi anaandika neno la kurudisha jibu, anashuka mstari, anaandika jibu lenyewe chini yake. Lugha inachomeka nukta-mkato baada ya neno la kurudisha, na shughuli nzima inarudisha patupu. Jibu liko pale chini, limeandikwa vizuri, halifikiwi kamwe. Go nayo huweka nukta-mkato, lakini kwa kanuni fupi inayotazama neno la mwisho la mstari tu. Mwandishi anaweza kuikariri na kutabiri kitakachotokea kabla hajabonyeza. Kanuni iliyotangazwa na ubashiri wa kimyakimya ni vitu viwili, na anayevichanganya hajalielewa swali lake mwenyewe.

Kuna namna ya pili ya dawa hii ya uongo, nayo naiona kila muhula. Mwanafunzi anakwenda pale ujumbe ulipoelekeza, anaongeza bano, anaendesha. Ujumbe ukibadilika, anaongeza jingine au anafuta moja, mpaka mashine inyamaze. Halafu anatangaza kwamba programu "imekubali". Amefanya kwa mkono kile kile alichotaka mashine imfanyie, na atapata 4,600 ile ile. Kunyamaza kwa kichanganuzi kuna maana moja tu: maandishi yako yanalingana na sarufi. Hakujawahi kumaanisha kwamba hesabu ni sahihi. Siku hizi wengine huibandika programu yote kwenye akili bandia na kusema "rekebisha". Hiyo ina macho mapana kuliko kichanganuzi, maana husoma majina uliyoyatumia na inaweza kukisia kwamba bei na usafiri vinakwenda pamoja. Bado inakisia. Iombe ikuonyeshe inapopendekeza bano liwe na kwa nini, kisha uamue wewe. Muuza dawa aliyeshindwa kusoma mwandiko wa daktari hakupi kidonge chenye jina linalofanana. Anakurudisha kwa daktari.

Lakini na sisi watengenezaji wa zana hizi tuna deni, na sitalificha. Mwanafunzi akiuliza swali baya baada ya kupewa ujumbe mbaya, lawama ya kwanza ni ya ujumbe. Kwa miaka mingi Python ilikutana na bano lisilofungwa na kusema tu kwamba sintaksia si halali, mara nyingi ikiunyooshea kidole mstari unaofuata. Toleo la 3.10, lililotoka Oktoba 2021, linarudi nyuma hadi kwenye bano lililofunguliwa na kusema kwamba hilo halikufungwa. Wala halifungi chochote. Kilichohitajika ni kukumbuka mahali bano lilipofunguliwa, na kichanganuzi chochote chenye rafu ya mabano kina taarifa hiyo mkononi. Ilikuwa ikitupwa.

Nuru nayo hutaja mstari, kitu ilichotegemea na kitu ilichokipata badala yake, kwa Kiswahili. Ni hatua nzuri, na ninaipendekeza kwa wanaoanza. Ila tusijidanganye kwamba kazi imeisha kwa sababu ujumbe umetoka kwa lugha yetu. Mwanafunzi anahitaji kuambiwa bano lipi, la mstari upi, alilolifungua yeye mwenyewe. Hilo ni suala la kichanganuzi kukumbuka, wala kamusi haitalitatua.

Kwa mnaotengeneza au kuchangia lugha, basi, haya ndiyo ya kufanya. Hifadhi mstari na nafasi ya kila bano linalofunguliwa, la duara na la kuzungusha kifungu, uitaje nafasi hiyo ujumbe unapotoka. Kifungu kinachoanza na neno kama kisipofungwa, kosa litajitokeza mwisho wa faili penye mstari mtupu. Linganisha jongezo la mistari, kama Rust inavyofanya, umwambie mwandishi kifungu gani kinashukiwa. Baada ya kosa, ruka hadi neno linaloanza sentensi mpya, mfano fanya, kama au wakati, ndipo uanze kusoma tena. Usimwage makosa 30 yaliyozaliwa na kosa moja: yacc, zana ya Stephen Johnson ya kuzalisha vichanganuzi, tangu miaka ya 1970, hunyamaza baada ya kosa mpaka isome maneno matatu mfululizo bila tatizo, na hakuna sababu ya zana ya leo kushindwa hilo. Andika kanuni za makosa yaliyozoeleka, kama alama moja ya usawa mahali pa mbili ndani ya sharti, ili yapate ujumbe wake. Kama kichanganuzi chako kimezalishwa na zana, Clinton Jeffery alionyesha mwaka 2003 jinsi ya kufunganisha ujumbe na mifano ya programu zilizovunjika, bila kugusa majedwali ya kichanganuzi kwa mkono. Kama unaandika mwenyewe, uko na wenzako: kompaila ya GCC iliacha kichanganuzi cha C++ kilichozalishwa na zana na kuweka kilichoandikwa kwa mkono katika toleo la 3.4 la mwaka 2004, na C ikafuata katika 4.1 mwaka 2006. Pendekezo litolewe kama pendekezo. Kubuni bano ili kuendelea kusoma, au ili kihariri kipake rangi wakati mtu bado anaandika, ni ruhusa. Kubuni bano kisha ukaendesha programu ni marufuku.

Na kwa mnaojifunza: soma kosa la kwanza, mengine yaache. Mstari uliotajwa ni mahali mashine ilipokwama, kwa hiyo anzia hapo upande juu, ukitafuta lililofunguliwa bila kufungwa. Usipoliona, weka nusu ya msimbo kando uendeshe tena. Kabla ya kuongeza bano, tamka kwa maneno hesabu unayoitaka, kisha ifanye kwa namba ndogo kwenye karatasi.

Nina ombi moja. Ukikutana na ujumbe wa kosa usioeleweka, usiifute programu iliyovunjika ukishaitengeneza. Tunza nakala yake, andika chini yake ulichokusudia na ujumbe uliopewa, uitume kwa watunzaji wa lugha hiyo. Mifano ya kweli ya makosa ya wanaoanza ndiyo malighafi ya kutengeneza ujumbe mzuri, na ya kwetu ni michache mno mikononi mwao.